Shanga Tulizoongeza

Kama nguo uliyovaa mwaka jana leo inakubana shingoni, na mwili wako mwingine uko vilevile, usinisome kwa haraka. Ninaandika haya nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya magunia ya mchele, sokoni Tunduma, na kovu langu limeshakuwa jembamba hivi kwamba wateja wapya wanadhani ni mkunjo wa ngozi. Sikuwa na mpango wa kuandika. Lakini tangu nipone naletewa watu: shemeji wa fulani, mwanakwaya wa kanisa fulani, anaketi kwenye gunia, anafungua mtandio taratibu na kuuliza, "Na wewe lilianza hivi?" Nimechoka kurudia, na sauti niliyobaki nayo sipendi kuichezea. Basi nimeandika.

Daktari simwingilii kazi yake. Mimi nitasema ya kwangu: ya benchi la kusubiri, ya mama yangu mzazi, na ya mkufu.

Nianze na mkufu, maana bila huo ningekwenda hospitali mapema zaidi. Mama wa bibi yangu aliitwa Raheli, na mume wake alikuwa mhunzi kule Iyula, enzi ambazo Wanyiha walikuwa bado wanafua chuma chao wenyewe kwa mivukuto. Raheli alipobatizwa, mume alikataa katakata kumfuata. Alisema Mungu aliyemfundisha kufua chuma anamfahamu tayari, hahitaji kutambulishwa. Lakini mzee huyohuyo mkaidi alivua bangili yake ya shaba, akaikata kipande, akamfulia mkewe msalaba mdogo usiozidi ukucha wa kidole gumba. Raheli akautunga katikati ya shanga nyekundu. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani, wakati huo hakuna kinanda wala nini, na alitaka msalaba ule ukae penye kishimo cha koo, pale sauti inapotokea. Kifuani, alisema, ni pambo.

Kwake ukaja kwa bibi yangu, kwa bibi ukaja kwa mama, kwa mama ukaja kwangu. Sauti ya mwenye mkufu ikichoka, anamfungia binti yake kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku hiyo haukutoki: unaoga nao, unalala nao, unazaa nao. Fundo linafunguliwa na mkono uliolifunga, basi. Mkufu ukitoka shingoni bila kupokelewa na mwingine, maana yake mwenyewe amekufa. Hayo tuliyanyonya pamoja na maziwa na hakuna aliyeyauliza.

Na kulikuwa na hili jingine. Uzi uliachwa na mkia mrefu kisogoni, kwa makusudi. Mkufu ukianza kubana, Jumamosi kabla ya Pasaka yule aliyekufunga analegeza fundo, anaongeza shanga, anafunga tena palepale bila kuuondoa, na anaomba. Bibi yangu aliongezewa za bluu, mama za kijani, mimi nyeupe; za waliotangulia zilibaki zimening'inia kwenye mkia wa uzi. Tuliziita shanga za baraka. Wazee walisema shingo ya ukoo wetu hukua pamoja na imani, na wanaume walitusifu kwa shingo za pingili. Ukiambiwa shingo yako inakua na imani, nani atakwenda kupima?

Mimi nilianzisha nyimbo kanisani kwetu hapa Tunduma, sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa. Na sokoni ilikuwa sauti hiyohiyo. Wateja wangu wengi ni akina mama wa Nakonde, upande wa Zambia, wanavuka mpaka asubuhi na kurudi na mchele wa Msangano kichwani, na mimi nilikuwa nawaita kutoka mbali, "Bamayo, iseni!" Njooni, akina mama. Wenzangu walisema malori yakiwa kwenye foleni, madereva wananisikia mimi kabla ya kusikia honi. Sauti ilikuwa kazi yangu na ibada yangu, na nilijivuna nayo, tena sana.

Kisha ikaanza kunikatikia kwenye noti za juu. Ugali nikawa naumeza kwa maji. Nikawa nakoroma hata mume wangu, Baba Neema, ambaye ni wakala wa forodha na amezoea kelele za injini, akahamia ukingo wa kitanda. Nilimwambia ni mafua. Pasaka mama akaniongezea shanga, kama alivyoniongezea Pasaka iliyotangulia na ya kabla yake, nikarudi Tunduma nimebarikiwa.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu wa sokoni, Mama Zuhura, Mrangi wa Kondoa anayeuza vitenge kibanda cha pili. Ni mwanamke wa swala tano na ulimi mkali. Siku moja biashara imelala, mpaka umefungana kwa malori, tumekaa tunakula mahindi ya kuchoma, akanitazama shingoni muda mrefu.

"Mama Neema, huo mkufu ulikuwa mrefu hivyo?"

"Tumeongeza shanga Pasaka."

"Na Pasaka ile nyingine?"

"Tuliongeza pia. Mbona unanihoji kama forodha?"

Hakucheka. Aliweka gunzi chini. "Hivi nyie wenzetu," akasema, "mtu akivimba mnamwongezea shanga?"

Nilikasirika hadi nikahamisha kiti. Nilimwona amelitukana kaburi la Raheli. Siku kadhaa nilimsalimia kwa ncha ya ulimi tu. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kununa. Nikawa najitazama kwenye kioo cha kibanda cha kinyozi kila nikipita. Jumapili iliyofuata nilisimama kuanzisha wimbo, nikavuta pumzi, na pumzi ikagoma katikati ya safari. Kanisa zima likasubiri. Mwalimu wa kwaya akaanzisha badala yangu, na mimi nikakaa chini. Jumatatu nilikwenda kibandani kwa Mama Zuhura nikamwambia nisindikize. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi huyu hapa.

Hospitali ya Tunduma walinitazama wakaniandikia rufaa kwenda Mbeya. Kule Mbeya kuna benchi refu nje ya chumba cha daktari wa upasuaji, na nataka ulijue kabla hujafika, usije ukakimbia. Tulikaa wanawake wengi, na joto lote lile la mchana kila mmoja amejifunga mtandio au skafu hadi kidevuni. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Wote tulitazamana shingo kwa pembe ya jicho. Mpaka mama mmoja wa Ileje, mnene, mcheshi, alipofungua skafu yake akajipepea nayo na kusema kwa sauti, "Jamani, mimi langu limeshakua, karibu litaomba kitanda chake. Nani atanicheka?" Tukacheka wote. Mitandio ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine, na ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimekaa miezi nikiamini niko peke yangu.

Mama huyo alinishikia nafasi nilipokwenda chooni, akanimegea ndizi zake. Huruma za namna hiyo ndizo zilizonivusha. Zingatia na wewe: nenda na chakula cha kugawa, si cha kula peke yako. Aliyepewa ndizi atakuita jina lako likisomwa nawe umesinzia.

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, mpole. Alinipa maji nimeze huku ameweka vidole shingoni. Akasema ni tezi, goita, na kwamba sehemu kubwa imekua kwenda ndani, inaliminya koromeo la hewa. Litolewe. Nikamuuliza kuhusu sauti. Alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Mama, mshipa wa sauti unapita jirani sana na hapo. Tutajitahidi, lakini sitakudanganya. Inaweza kubadilika. Ila tukiliacha, tatizo halitakuwa sauti tena, litakuwa pumzi." Kisha akaugusa msalaba. "Na hiki kitoke kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Chuma hakiingii."

Niliitikia kama mtu mzima. Nje nilimwambia Mama Zuhura kwamba nimekufa.

Unielewe hapa. Si kwamba sikuweza kufungua fundo. Mkasi upo kila nyumba. Lakini nilikuwa nakwenda kulazwa mezani, kufumbishwa macho na watu nisiowajua, na jambo moja nililolijua tangu utoto ni kwamba mkufu ukitoka bila kupokelewa, mwenyewe haamki. Akili ilisema ni maneno tu. Tumbo halikuisikiliza akili. Nilihitaji mama aje anifungue kwa mkono wake, aniambie nenda mwanangu, nitakufunga tena ukirudi.

Nikapanda kosta, nikashuka njiani, nikachukua bodaboda hadi Iyula. Mvua zilikuwa zinaaga. Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi, mtandio umejaa shingoni kama kawaida yake. Alisikiliza yote bila kusimamisha mikono.

"Sifungui," akasema.

"Mama, daktari amesema pumzi itakatika."

"Sifungui, Lidia. Ukitoka hapo hujapokelewa. Sikukuzaa nije nikuzike kwa mikono yangu mwenyewe."

"Basi nimpe Neema. Unifungue, nimfungie yeye."

"Neema sauti yake haijatulia, na yako haijachoka. Hatupokezani kwa kuogopa." Akainuka, akaingia ndani, akarudi amefumba kiganja. Akakifungua mbele yangu: shanga mbili nyeupe. Sauti yake ikalegea kabisa. "Njoo nikuongeze hizi. Najua Pasaka imepita, Mungu atatuelewa. Njoo mama, upumue."

Nililia pale uani, na yeye akalia, kila mmoja kwa sababu yake. Nikaondoka bila shanga, na fundo likiwa palepale.

Nyumbani kukachafuka. Baba Neema alimpigia mama simu akasema maneno ambayo mkwe hasemi kwa mkwewe, mama akaacha kupokea simu zetu. Nikawa nagombana na mume wangu kwa kumtetea mtu niliyemkasirikia mwenyewe. "Leta mkasi nikate mimi, yaishe," alikuwa ananiambia, na mimi nashika shingo kwa mikono miwili. Neema, binti yetu wa kidato cha pili, akawa anapita nyumbani kwa ncha za vidole. Ugonjwa wa mtu mmoja hulaza nyumba nzima. Usijilaumu ukiona kwako pia.

Siku ya kulazwa ilifika mwezi wa sita, Mbeya baridi inauma hadi mfupa. Nilimtumia mama ujumbe, nikamwambia wodi na saa. Mama Zuhura akafunga kibanda chake akaja kulala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, na blanketi lake, na chupa ya chai ya tangawizi. Asubuhi wanaume walizuiwa getini, Baba Neema akawa anazunguka huko nje kama lori lisilo na kibali. Mimi nimeshavalishwa gauni la kijani, macho yangu mlangoni.

Nesi alikuja mara ya kwanza akaniachia muda. Akaja mara ya pili. Alikuwa mtu mwenye subira, lakini kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeshafika.

"Mama, hatuwezi kusubiri zaidi. Unafungua, au nilete mkasi?"

"Mama yangu anakuja," nikasema. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Mama Zuhura aliinuka kutoka kwenye mkeka. "Mkasi hapana," alimwambia nesi. Akanigeuza kisogo. Nikasikia kucha zake kwenye fundo, fundo la miaka, limekaza kama jiwe kwa jasho na sabuni. Kucha zikashindwa. Akainama.

"Mama Zuhura, wewe si wa ukoo," nilimwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Mimi si wa ukoo, si wa kanisa, na hata kaswida wananiambia nisiimbe. Lakini nipo." Akasema Bismillahi, akaling'ata fundo kwa meno.

Lilipoachia, niliona baridi imeniingia shingoni kana kwamba nimevuliwa nguo hadharani. Yeye aliufunga mkufu kwenye pindo la khanga yake, akakaza fundo mara mbili, akalishika mkononi. "Nitaushika hivi hivi mpaka wewe utoke huko ndani," akasema. Nesi akasukuma kitanda. Niliingia nikiwa naamini nakwenda kufa, na nilikwenda hivyohivyo.

Niliamka. Nasema hivi kwa ajili ya wewe uliye na mkufu wako, au hirizi yako, au neno la shangazi yako linalokuzuia: niliamka. Kitu cha kwanza nilichoona ni mkono wa Mama Zuhura umekamata pindo la khanga, na yeye amesinzia kinywa wazi kwenye kiti. Nikataka kumwita. Nikafungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Siku zilizofuata nitazisema upesi. Shingo nzito, mpira wa kutolea damu pembeni, vidole vinakufa ganzi hadi wakanipa dawa. Uji niliumeza kijiko kwa kijiko. Niliporuhusiwa nilipewa kidonge cha kumeza kila asubuhi kabla ya chai, na hicho ni rafiki yangu wa maisha. Nawe ukipewa usikiache ukijiona umepona. Sauti ilikuwa mnong'ono, kama mtu anayesema siri saa zote. Nyumbani niligonga kikombe kwa kijiko nikihitaji kitu. Baba Neema, ambaye hajawahi kupika tangu nimjue, alijifunza kusonga ugali. Ulikuwa na mabuje kama kokoto. Nilikula wote, nikalia kwa furaha kwa sababu ulipita kooni bila maji.

Sokoni Mama Zuhura aliniuzia mchele wangu pamoja na vitenge vyake. Aliwaita Wazambia kwa lafudhi ya Kondoa, "Bamayo, iseni!" hadi akina mama wa Nakonde wakawa wanakuja kwa kucheka tu, kisha wananunua. Nilikaa nyuma yake kimya, mtu aliyekuwa anasikika hadi mpakani. Siwezi kukudanganya kwamba sikuumia. Kuna siku nilimtazama Mungu jicho la kengeza. Niliomba nipewe pumzi, nikapewa. Sikudhani kwamba sauti itachukuliwa kweli.

Mama alikuja katikati ya mavuno ya kahawa. Mtu wa Mbozi kuacha kahawa mbivu mtini si jambo dogo. Aliingia sebuleni, akaniona shingo tupu na kovu bado jekundu, akakaa kwenye kochi bila kusalimia. Nilimwekea chai. Nilikuwa na maneno mengi makali niliyoyatunza kwa ajili yake, na sauti ya kuyasema sina. Labda ilikuwa heri.

"Unajua bibi yako alikufa na nini?" akaniuliza.

"Pumu," nikanong'ona. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa siku zote.

"Tulisema pumu. Alikuwa anatafuta hewa tangu asubuhi. Akaniambia, nifungue. Nikamfungua vifungo vya gauni. Akasema tena, nifungue. Nikavua gauni lote. Akasema, Sara, nifungue. Mkufu alikuwa ameshanipa mimi zamani, ulikuwa shingoni kwangu. Hapakuwa na kitu cha kufungua, Lidia. Aliniomba mpaka akanyamaza." Akafuta macho kwa mtandio. "Ulipokuja Iyula ukasema, mama nifungue, nilimsikia yeye. Nikajua nikisogeza mkono tu, nawe unanyamaza. Nilikimbia shamba siku ile ya operesheni. Nilizima simu. Nilikaa kwenye mibuni kutwa."

Sikujua kama nimkumbatie au nimpige. Nilimkumbatia. Kisha nikatoa mkufu ndani ya kikombe nilimouhifadhi, nikaulaza mezani kati yetu. Hatukuwa tumewahi kuuona umenyooka. Siku zote ulikuwa umezunguka shingo ya mtu. Nyekundu za Raheli zilikuwa fupi, zinatosha shingo ya msichana. Kisha bluu za bibi. Kijani. Nyeupe zangu. Mama alipitisha kidole juu yake taratibu, rangi kwa rangi, na nikamwona anasoma pamoja nami: huyu alivimba hivi, huyu hivi, huyu hivi. Tulikuwa tumeupima ugonjwa vizuri kabisa, kizazi baada ya kizazi, na tukaushukuru.

Akavua mtandio. Nilikuwa sijaiona shingo ya mama tangu niolewe.

"Nimekuja unipeleke," akasema.

Nilimpeleka. Benchi ni lilelile, wagonjwa wapya, mitandio ileile. Vipimo vyake vilichukua muda kwa ajili ya umri na presha, mibuni ikamaliza kuvunwa, vumbi likapita, mvua za kwanza zikaanguka, na maua meupe ya kahawa yalikuwa yamefunguka Iyula siku alipoitwa. Wakati huo sauti yangu ilikuwa imeanza kurudi. Iliporudi haikuwa ile niliyoiaga. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, imeshuka ngazi nyingi. Mwalimu wa kwaya alinipima kwenye kinanda, akakuna kichwa, akaniambia kwa aibu kwamba kwa kweli mimi sasa ni sauti ya tatu. Nikahamia kwa wanaume. Nasimama kati ya fundi seremala na dereva wa lori la mafuta, nao wananitania kwamba nifuge ndevu.

Asubuhi ile mama alinishika mkono pale benchini, mkono wake wa baridi. "Imba," akasema.

"Mama, sauti gani?"

"Hiyo uliyonayo."

Nikaimba chini chini wimbo wa asubuhi aliokuwa akituamshia nao. Mama mmoja upande wa pili akaokota sauti ya kwanza, ile iliyokuwa yangu, na mimi nikakaa chini yake nikaibeba. Sikuwa nimejua kwamba kubeba kuna raha yake. Mama alipoitwa alikwenda bila kugeuka.

Alitoka salama. Na kesho yake asubuhi, mara ya kwanza kufungua kinywa, alimlalamikia nesi kwamba uji hauna sukari, kwa sauti safi, wazi, ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu. Alijisikia mwenyewe akashtuka. Kisha akanitazama na uso ukamwanguka.

"Yangu imerudi," akasema, "na yako niliyoichelewesha ndiyo imekwenda."

"Haikwenda, mama. Imehama safu tu." Nilisema ili kumtuliza, lakini niliposikia maneno yenyewe niliyaamini.

Sasa mambo yako hivi. Mama amerudi kwenye mibuni yake, anaanzisha nyimbo Iyula baada ya miaka mingi, na wazee wanamwambia amezaliwa upya. Mimi nauza mchele. Wakiniletea mgonjwa namketisha kwenye gunia, namwambia kwanza vua mtandio, hapa hatuchekani. Namwambia aende mapema, aende na mtu, na asimchague wa kumsindikiza kwa ukoo wala dini, amchague kwa miguu: nani atafika?

Mwezi uliopita sauti ya Neema ilitulia. Amechukua ile ya juu, hata madirisha ya kanisa yanajua. Mama alishuka kutoka Iyula na tukakaa sebuleni, mimi, yeye, Neema, na Mama Zuhura aliyekuja na maandazi. Mama alitaka shanga za nyongeza tuzitupe. Mimi nilikataa, nimezitunga kwenye uzi wake na ninazivaa mkononi, kwa sababu ni za bibi yangu pia. Kwenye mkufu tumebakiza nyekundu za Raheli na msalaba wa mzee wake mkaidi.

Nilimfungia binti yangu. Msalaba ukakaa pale kwenye kishimo. Mama akapitisha kidole chake kati ya shanga na ngozi, kikapita bila shida, akamwambia mjukuu wake kwamba siku kidole hiki kikikwama, haongezi kitu, anasema siku hiyohiyo, na tunapanda gari.

Neema aligusa fundo kisogoni. Ni mtoto aliyekulia katika mambo haya, na swali lake nilikuwa nalijua kabla hajaliuliza.

"Na kama Mama hayupo, nani atanifungua?"

Nilitaka kujibu. Mama akanitangulia, kwa sauti yake mpya, akiwa anamtazama Mama Zuhura.

"Yeyote aliye karibu, mjukuu wangu."